Alizaliwa Desemba 30, wanataka tuandike Januari 2

Shikamoo mama mshauri,

Naomba jina langu na la mwanangu yasitoke, maana Uyole siyo kubwa na watu wa mpira hapa wanajuana wote.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza viazi. Mume wangu ni dereva wa lori, leo yuko Tunduma, kesho kutwa Dar es Salaam, kwa hiyo mambo mengi ya watoto yananiangukia mimi. Mtoto wetu wa pili ni wa kiume, ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Alizaliwa Desemba 30, 2010, saa nne usiku. Nesi aliyenizalisha alitania kwamba angevumilia kidogo tu angekuwa mtoto wa mwaka mpya. Tulicheka wote. Utani ule sasa umegeuka kikao cha ukoo.

Mwanangu anacheza kiungo. Sijui mpira sana, lakini hata mimi naona anachofanya. Kabla pasi haijamfikia ameshageuza shingo mara mbili, akiupata anautoa kabla mtu hajamgusa. Shida yake ni mwili. Ni mfupi, miguu kama ya mtoto wa darasa la tano, jezi inamfika magotini. Kwenye timu ya mtaa kocha anampanga, ila wakicheza na timu yenye vijana wa miraba minne anamtoa mapema, anasema wasije wakamvunja.

Miezi michache iliyopita walikuja watu wa kituo kimoja cha soka kutoka nje ya mkoa, wakafanya majaribio ya vijana chini ya miaka 15, yaani waliozaliwa 2010 kuja mbele. Vijana walijaa uwanja mzima. Mwanangu alipita mchujo wa kwanza, akapita wa pili, akafika orodha ya mwisho. Hapo wakamwacha. Mmoja wao alinifuata mwenyewe, akaniambia: "Mama, huyu ana akili ya mpira, tena nyingi. Ila kwa kundi hili ni mdogo mno. Angekuwa wa 2011 ningeondoka naye leo. Mwakani tunarudi kuchukua wa 2011."

Waliyemchukua ni mtoto wa jirani, rafiki yake wa tangu chekechea. Yule alizaliwa Januari 2010. Ana sauti nzito, na ndevu zimeshaanza kuchungulia. Nampenda yule mtoto, sina kinyongo naye. Lakini ukiwasimamisha wawili hawa utadhani mmoja ni kaka mkubwa wa mwenzake, na kwenye karatasi eti ni wa mwaka mmoja.

Sasa ndipo balaa lilipoanza. Mwanangu hana cheti cha kuzaliwa, hatukuwahi kukifuatilia. Baba yake mdogo aliposikia maneno ya yule mtu wa kituo alisema jambo limeisha: tukaombe cheti sasa, tuandike Januari 2, 2011. Siku tatu tu. Anasema hatuzungumzii wale vijeba wanaopunguza miaka minne, mitano. Isitoshe shuleni tayari ameandikwa Januari 1, 2011, kwa sababu siku ya kumwandikisha darasa la kwanza sikwenda na kadi, mwalimu akajaza hivyo, na hakuna aliyejali. Kwa hiyo baba mdogo anadai sisi hatudanganyi, tunafuata kumbukumbu za shule. Kadi ya kliniki ninayo sandukuni, imeandikwa 30/12/2010. Cheti cha ubatizo nacho kinasema hivyo hivyo. Anasema kadi hupotea. Na akishaingia kituoni, miaka miwili mbele yuko Ulaya, wote tutashukuru.

Mume wangu nilimpigia simu, akasema siku tatu hazimuui mtu, fanyeni mnavyoona. Baba yangu mzazi, ambaye aliishuhudia Tukuyu Stars ikichukua ubingwa wa nchi mwaka 1986 na mpaka leo hajaacha kuisimulia, yeye anasema zama zao hakuna mtu aliyeuliza cheti. Mtoto akiiva aliingia timu ya wakubwa, asipoiva alisubiri.

Mwanangu tangu siku ile mazoezini anaenda siku moja, siku tatu haendi. Anasema afadhali asome tu. Juzi usiku ameniuliza: "Mama, kwani mimi hasa nilizaliwa lini?" Nilishindwa kumjibu, maana baba yake mdogo alikuwa amekaa pale pale.

Mama, nikikataa naogopa nitakuwa nimemzibia riziki kwa ajili ya siku tatu. Nikikubali naogopa, ila hata sijui naogopa nini. Naomba unishauri.

Mama Kiungo, Uyole, Mbeya


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole na mzigo huo. Umeandika kwa utulivu kuliko wengi wanaoniandikia kuhusu mambo madogo zaidi ya haya.

Nikiielewa vizuri barua yako, una mtoto anayejua mpira ambaye ameachwa kwa sababu ya umbo, una tarehe ya kuzaliwa iliyoangukia upande mbaya wa mwaka, na una ndugu wanaoona dawa iko kwenye karatasi ambayo bado haijaandikwa. Naona maswali mawili humo, na wote wanaokushauri wameyasokota kuwa moja. Kuna swali la tarehe, na kuna swali la mwili. Niruhusu niyatenganishe, halafu wewe na baba watoto mtaamua.

Nianze kwa kukuambia kwamba hujakosea kuhisi kuna uonevu. Huu ni uonevu unaojulikana na umepimwa. Watafiti waliuona kwanza kwenye mchezo wa magongo ya barafu huko Kanada miaka ya 1980: wachezaji wengi walikuwa wamezaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa sababu makundi ya watoto yalikatwa Januari 1. Kwenye soka ni vivyo hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulipitia timu za taifa za vijana za nchi 10 za Ulaya, ukakuta karibu asilimia 43 ya wachezaji walizaliwa kati ya Januari na Machi, na asilimia 9 hivi tu kati ya Oktoba na Desemba. Kama mwezi wa kuzaliwa haungekuwa na uzito wowote, kila robo ya mwaka ingetoa karibu asilimia 25. Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nalo lilipochunguzwa lilionyesha mwelekeo huo huo, isipokuwa kwa timu za Afrika, ambazo wachezaji wake wengi waliandikwa kuwa wamezaliwa mwishoni mwa mwaka. Hapo kila mtu ana tafsiri yake, na nadhani baba mdogo anayo ya kwake.

Sababu yake haina uchawi. Wewe ni mtu wa shamba na soko, unajua mahindi yaliyopandwa mvua za kwanza na yale ya kurudishia baada ya wiki kadhaa. Mbegu ni ile ile, lakini ukipita shambani mwezi wa pili utasema haya ya pili hayana afya, na bado yale makubwa yanayatilia kivuli. Mwanao na rafiki yake wametofautiana karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka 14 mwaka mmoja ni mwingi. Kocha anayetaka kushinda Jumamosi anampanga mwenye kifua. Mwenye kifua anapata dakika, anapata safari, anapata mwalimu bora, anajiamini. Baada ya miaka mitatu anakuwa kweli bora zaidi, na kocha anasema, mnaona, niliona mapema.

Ubelgiji walilithibitisha hilo bila kukusudia. Mwaka 1997 walihamisha mstari wao wa umri kutoka Agosti 1 kwenda Januari 1 ili walingane na wenzao. Kabla ya hapo waliokuwa wakichaguliwa kwa wingi ni waliozaliwa Agosti, Septemba na Oktoba. Baada ya mstari kuhama, vipaji navyo vikahamia Januari, Februari na Machi. Watoto hawakubadilika. Kalenda ya ofisini ndiyo iliyobadilika.

Kwa hiyo mwanao si dhaifu wala hana mkosi, na naomba alisikie hilo kutoka kwako kabla hajalisikia kwa mtu mwingine.

Sasa nikuulize jambo. Una uhakika gani kwamba kinachomkwamisha ni Desemba? Umeniambia rafiki yake ana sauti nzito na ndevu zinachungulia. Hizo haziletwi na Januari, zinaletwa na balehe. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa wakiwa na miaka 13 au 14, lakini wengine huanza wakiwa na 12 na wengine wakiwa na 15 au 16. Watoto wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kupishana miaka kadhaa kwa ukuaji wa mifupa. Mwezi wa kuzaliwa ni kitu kimoja, mwili kuchelewa kukomaa ni kitu kingine, na mwanao huenda amepata vyote viwili kwa mpigo. Kama ni hivyo, ukimpeleka kwenye kundi la 2011 atakutana huko na watoto wa 2011 waliowahi kubalehe, nao watampiga kikumbo vile vile. Siku tatu za kwenye karatasi hazimwongezei hata kilo moja.

Muulize mume wako yeye alirefuka lini. Waulize na kaka zako. Kama kwa upande wenu wanaume walirefuka kidato cha tatu au cha nne, una taarifa ambayo yule mtu wa kituo hakuwa nayo. Weka alama ukutani, mpime kila baada ya miezi mitatu. Siku akianza kurefuka mtaona pia anajikwaa, pasi zinapotea, pengine magoti yanauma hapo chini ya kofia ya goti. Wengi hutupwa nje wakati huo huo, kocha akidhani kipaji kimekwisha, kumbe kijana anaizoea miguu mipya. Maumivu yakizidi apumzike na aonwe na daktari. Asichezeshwe kwa kuchuliwa tu.

Najua utaniuliza: je, watoto wa Desemba hufika? Wanafika. Mbwana Samatta alizaliwa Desemba 1992, na alitoka African Lyon akaenda Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, akabeba ubingwa wa Afrika mwaka 2015, kisha Genk, kisha Aston Villa. Simon Msuva alizaliwa Oktoba. Uingereza makundi yao huanza Septemba 1, kwa hiyo wadogo kwao ni wa Julai na Agosti. Harry Kane alizaliwa Julai 28, 1993, Arsenal wakamwacha akiwa mtoto, na leo ndiye anayeongoza kwa mabao katika historia ya timu yake ya taifa. Kuna hata watafiti waliogundua kwamba wale wachache waliozaliwa mwishoni mwa mwaka, wakifanikiwa kubaki kwenye mfumo, mara nyingi hufanya vizuri sana wakifika ukubwani, pengine kwa sababu miaka yote walilazimika kufikiri haraka kuliko wenzao. Ulivyonieleza anavyogeuza shingo kabla ya pasi, nilitabasamu. Mtoto mwenye mabavu hana haja ya kujifunza hilo mapema.

Lakini sitaki nikudanganye kwa majina makubwa. Tunawataja hao kwa sababu walifika. Wa Desemba walioacha mpira wakiwa na miaka 14 ni wengi kuliko hao, na hakuna anayewaandika popote. Mzee wako ana hoja nzuri kuliko mnavyodhani: zamani aliyechelewa kuiva alisubiri mtaani, akacheza, akaingia wakati wake ulipofika. Siku hizi kuna mchujo kila hatua, na aliyechujwa mara mbili huchoka mwenyewe. Hatari iliyo karibu zaidi na mwanao ni hiyo, na umeshaiona, kwa sababu mazoezini haendi.

Sasa tuje kwenye cheti.

Baba mdogo ana hesabu yake, na sehemu ya hesabu hiyo ni kweli, afadhali niseme. Siku tatu hazionekani kwenye kipimo chochote. Tangu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 kule Nigeria, FIFA hutumia picha za MRI za kifundo cha mkono kuangalia kama mfupa umeshafunga, na kipimo hicho kinamnasa kijeba wa miaka 20 anayejiita wa 16. Mwanao hakimhusu. Kwa hiyo sitakutisha na mashine.

Ila ona vizuri kinachosogezwa. Tarehe inasogea siku tatu, mtoto anasogea mwaka mzima. Kutoka mdogo kuliko wote kwenye kundi la 2010 anakuwa mkubwa kuliko wote kwenye kundi la 2011. Na huko kwenye kundi la 2011 kuna mvulana mwingine wa Desemba, labda wa Rungwe, labda wa Mbarali, ambaye mama yake hana shemeji mjanja. Nafasi ni zile zile. Silisemi hili kukuhukumu. Nalisema kwa sababu wewe mwenyewe ulisema huna kinyongo na mtoto wa jirani, na nadhani lingekuja kukusumbua baadaye.

Kisha kuna karatasi zenyewe. Kumpa msajili taarifa ya uongo kuhusu kizazi ni kosa kisheria, liwe la siku tatu au la miaka mitatu. Kwa mtoto aliyechelewa kusajiliwa, RITA, yaani wakala wa serikali anayesajili vizazi, huomba vielelezo, na vielelezo ndivyo hivyo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, kumbukumbu za shule. Viwili vinasema Desemba, kimoja kinasema Januari. Kadi inaweza "kupotea" kama anavyosema shemeji yako, lakini kitabu cha ubatizo kiko kanisani, na rejesta ya hospitali si yenu. Mchezaji wa mtaani hakuna anayemfuatilia. Mchezaji anayeanza kufanikiwa hufuatiliwa, tena na watu wenye sababu ya kumtoa. Unakumbuka Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana? Walifuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 za mwaka 2005, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Timu nzima ilibaki nyumbani. Mwaka 2017 mambo yaligeuka: Congo Brazzaville walishindwa kumpeleka mchezaji wao kupimwa umri, wakaondolewa, na vijana wetu ndio wakaenda Gabon. Mara moja tulilia, mara nyingine tukashangilia, na mara zote mbili kilichoamua ni umri wa mchezaji mmoja.

Na habari ya Ulaya baada ya miaka miwili, hapo baba mdogo anaota. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, ila kwa masharti machache ambayo mtoto wa Uyole anayeishi na wazazi wake hayamhusu. Anayemwahidi mtoto wa miaka 14 safari ya kucheza Ulaya akiwa na 16, mtazame vizuri mikono yake iko mfukoni mwa nani.

Lile la shule ni gumu zaidi, na silioni kama wengine wanavyoliona. Mwalimu alijaza Januari 1 kwa kukosa kadi. Si wewe uliyepanga. Lakini sasa ipo, na ikiachwa itazidi kumfuata kwenye karatasi zake. Ukiomba cheti cha kuzaliwa kwa tarehe ya kweli, itabidi uende shuleni na kadi uombe warekebishe, na ni vyema ufanye hivyo mapema kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne. Utazungushwa kidogo, utaambiwa njoo kesho. Gharama yake kimpira ni kwamba mlango wa kundi la 2011 utakuwa umefungwa rasmi. Usiporekebisha, utabaki na mtoto mwenye tarehe mbili, na siku atakapohitaji kitambulisho cha taifa au pasipoti, swali lile alilokuuliza usiku ataulizwa na ofisa. Pima mwenyewe lipi linakulemea zaidi, na lini uko tayari kulibeba.

Tuseme mmeamua kubaki na Desemba. Bado mna mengi ya kufanya. La kwanza, ongea na kocha wa mtaa, siyo kumlalamikia, bali kumwomba. Mazoezini, ambako hakuna mashindano wala cheti, mwanao anaweza kucheza na wadogo zake siku moja kwa wiki. Huko atapata mpira mguuni, atathubutu kupiga chenga, ataongoza. Siku nyingine abaki na wakubwa ili asizoee wepesi. Klabu za Uingereza hujaribu jambo kama hilo kwa kuwapanga vijana kufuatana na ukomavu wa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa, na Wabelgiji wana timu za taifa maalumu za vijana waliochelewa kukua. Kocha wako hahitaji vifaa vyao, anahitaji kukubali tu. Hatari yake ni kwamba mtoto anaweza kuona ameshushwa, hasa wenzake wakimcheka, kwa hiyo lazima aelezwe kabla.

Unaweza pia kumtafuta yule mtu wa kituo. Alikufuata yeye mwenyewe, maana yake alimwona. Mpe tarehe ya kweli, mwambie urefu wa baba yake, muulize kama wanaweza kumtazama tena mwakani kwenye kundi lake lile lile la 2010. Vituo vingine huacha nafasi kwa anayechelewa, vingine hutaka wa kushinda kesho. Jibu lake litakuonyesha ni kituo cha aina gani. Na hata akisema ndiyo, muulize mtoto atasoma wapi, nani atamlipia, akiumia anatibiwa na nani, na mkataba mtasaini lini na mbele ya nani. Una mtoto wa kidato cha pili mwenye mtihani wa taifa mwaka huu. Kumhamisha katikati ya kidato ni jambo la kufikiriwa mara mbili, hata tarehe zingekuwa zimenyooka.

Kuna pia UMISSETA. Mashindano ya shule humkutanisha na wa vidato vya juu, na mwalimu wa michezo humwona mtoto mwaka mzima badala ya asubuhi moja. Siyasifu mashindano hayo kupita kiasi, maana kwenye timu ya shule mdogo wa kidato cha pili mara nyingi hukaa benchi, na vijeba huko hawakosekani. Ila miaka miwili ya kuonekana kila siku na mtu mmoja anayejali inaweza kuzidi mchujo mwingi wa asubuhi moja.

Na kama ataacha mpira? Umeandika kwamba anasema afadhali asome, na nimehisi umeliandika kama msiba. Huenda ni hasira ya kuachwa, huenda anamaanisha. Mpe nafasi ya kusema bila baba mdogo kukaa pembeni. Mwambie alizaliwa Desemba 30, saa nne usiku, mwonyeshe kadi. Mweleze na ule mstari wa Januari 1, anao umri wa kuelewa asilimia 43 na 9. Mtoto akijua kwamba kilichomwacha kina jina na kimewaacha wengi duniani, hujitazama tofauti. Baada ya hapo muulize anataka nini, na umsikilize hata kama jibu si la mpira. Muulize pia anaonaje kuishi na tarehe nyingine, maana yeye ndiye atakayeijaza kwenye fomu maisha yake yote, na sijaona kwenye barua yako mahali ambapo kuna aliyemuuliza.

Mume wako amesema fanyeni mnavyoona. Kwa heshima yote, jambo hili si la kuamuliwa kwa simu ya barabarani. Msubiri arudi, mkae wawili kwanza, ndipo muwaite wengine. Mnaweza kuamua kwenda RITA mwezi huu, mnaweza kuamua kusubiri likizo ya Desemba, mnaweza kuamua kumtafuta yule mtu wa kituo kabla ya yote. Na siku ya kikao, kama shemeji yako bado anashikilia Januari 2, mwambie kwa upole kwamba fomu ya RITA ina mahali pa jina na saini ya mtoa taarifa, kisha muulize kama yuko tayari liandikwe la kwake.